Nataka kupamba ukuta wa sebule kwa majani, tawi na makombe ya baharini, nianzie wapi?

mwana_kijani

Wakuu habari zenu, naomba mawazo. Nina ukuta mmoja sebuleni uko nyuma ya sofa, urefu kama mita tatu hivi, una rangi ya maziwa na hauna kitu hata kimoja. Sitaki picha za kununua wala saa kubwa, nataka vitu vya asili vyenyewe, yaani mtu akiingia aone kabisa kwamba pori limesogea ndani.

Nilivyonavyo mpaka sasa ni tawi moja kubwa kavu la kuokotwa ufukweni, karibu mita na nusu, limepigwa na maji mpaka limekuwa la kijivu na laini ukilipapasa, afu makombe ya kila aina, manyoya machache ya ndege, yale maganda makubwa ya mbegu yaliyokauka, na majani mengi ambayo bado mabichi, nayachuma tu bustanini nikihitaji. Wazo langu tawi likae juu, zishuke nyuzi zenye makombe na mbegu, na pembeni ziwepo fremu za majani.

Sasa shida zangu. Majani nimeyaona kwa mtu yamegeuka kahawia na kujikunja humo humo ndani ya fremu, nifanyeje yangu yasiwe hivyo? Upande wa kulia wa ukuta unapigwa na jua la jioni kupitia dirishani. Nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hapendi matobo. Na kuna mtoto mdogo ambaye sofa kwake ni mlima wa kupanda. Karibuni.

nyota_asubuhi

Mi ningekushauri uchukue tu ile karatasi ya ukutani yenye picha ya msitu, unabandika ukuta mzima siku moja umemaliza, haina vumbi haina wadudu na ukihama unabandua.

karani_wa_majani

Karatasi ya msitu inamfaa anayetaka picha ya msitu, huyu mwenzetu ana vitu vyenyewe mkononi na ndivyo anavyovipenda, tumsaidie navyo.

Ndugu mwana_kijani, kabla hujagusa jani wala msumari usome kwanza ukuta wako. Watu wengi wanaanza na pambo, afu wanalitafutia mahali, na hapo ndo majani yanapokufa rangi. Ukuta ndo unakwambia nini kikae wapi. Angalia vitu viwili, mwanga na unyevu. Mwanga umeshauona mwenyewe, kulia kuna jua la jioni. Unyevu upime hivi: chukua kipande cha nailoni inayoonyesha, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne kisipitishe hewa, kiache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa ndani ule unaogusa ukuta, basi ukuta wenyewe unatoa maji, na chochote cha karatasi au jani utakachoweka hapo kitaota ukungu kwa nyuma bila wewe kuona. Ukikuta kukavu endelea.

Kuhusu rangi ya majani niseme ukweli ambao wauza fremu hawausemi, kijani hakidumu milele. Kile kinacholipa jani ukijani, klorofili, kinavunjika jani likishakufa na mwanga unakiharakisha. Kinachoumiza zaidi ni miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana, lakini hata mwanga wa kawaida unafifisha, na madhara yake yanajumlishana, yaani jani halipumziki likapona. Ndo maana makumbusho vitu vya namna hii wanavimulika kwa mwanga hafifu sana, laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), na kuna vioo vya fremu vya kuzuia urujuanimno ambavyo vinasaidia kuchelewesha lakini havizuii kabisa. Kwa hiyo fremu za majani ziende kushoto, mbali na dirisha. Kulia kwenye jua weka mbao, mbegu, mawe, vitu ambavyo tayari vimeshachomwa na jua huko vilikotoka.

Kujikunja ni jambo jingine, hilo linatokana na kuweka jani kwenye fremu kabla halijakauka. Kukausha kwenyewe: chuma majani mchana umande ukishakauka, yasiwe na maji juu. Yapange kati ya karatasi zinazonyonya, magazeti ya kawaida yanafaa kwa kazi hii, yasigusane, juu weka mbao bapa na uzito wa kutosha, vitabu vizito au matofali. Siri iko kwenye kubadilisha karatasi. Siku za mwanzo badilisha kila siku, maana maji mengi yanatoka hapo mwanzo na karatasi iliyolowa ikibaki inalipikia jani rangi nyeusi. Baadaye unabadilisha kwa nafasi. Majani membamba yanaweza kumaliza ndani ya wiki mbili, yale manene yanataka wiki nne na zaidi, na yale yenye nyama na utomvu mwingi achana nayo kabisa.

Utajuaje limekauka? Lishike kwa kikonyo uliinue. Likilala upande bado. Likisimama limenyooka, liguse taratibu kwenye shavu au mdomo, jani lenye maji ndani linahisika la ubaridi hata kama kwa macho linaonekana kavu. Likiwa halina ubaridi huo limeiva kwa fremu. Wanaokusanya mimea kwa ajili ya utafiti wanapima hivi hivi.

Mimea aliyokausha Carl Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden aliyefariki 1778, ipo London mpaka leo na wataalamu bado wanaifungua kuisoma. Rangi imepungua, imekwenda kwenye kahawia na zeituni, lakini kila mshipa wa jani upo. Kwa hiyo ukichagua majani usichague kwa ukijani wake, chagua kwa umbo. Kangaga, jani lenye vidole vingi, jani lililotobolewa na wadudu mpaka likawa wavu, hayo yakibadilika rangi yanazidi kupendeza.

fundi_tawi

Karani kaongea vizuri, mi niongelee hilo tawi maana ndo kazi zangu.

Tawi la ufukweni lina chumvi ndani. Chumvi inavuta unyevu hewani, tawi litakuwa linatoka jasho na skrubu zitaoza kutu na kuchora michirizi ukutani. Liloweke kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi, kama huna chombo kirefu geuza upande mmoja leo upande mwingine kesho, badilisha maji mara kadhaa, afu lisugue kwa brashi ngumu na ulikaushe KIVULINI, narudia kivulini, ukiliweka juani likiwa bado limeloa linapasuka kwa sababu nje linakauka haraka kuliko ndani.

La pili wadudu. Geuza tawi juu ya karatasi nyeupe uligonge gonge. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo na unga laini unadondoka, kuna mtu anaishi humo. Usilitundike hivyo, mdudu anayekula tawi hashindwi kuhamia kwenye fremu na kabati. Vitu vidogo (mbegu, koni za misonobari, manyoya) vifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa uweke kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na ukitoa usifungue mfuko mpaka virudi kwenye joto la chumba, la sivyo vinaloa. Tawi la mita na nusu halitaingia kwenye friza, hapo kinachosaidia ni joto. Mbao za makreti yanayosafirishwa nchi hadi nchi zikitibiwa kwa joto zinapashwa mpaka kati kati ya ubao pafike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, wanagonga muhuri wa HT (yaani zimepashwa joto), ndo kipimo cha kuua wadudu wa mbao. Nyumbani unaweza kulifunga tawi LILILOKAUKA kwenye nailoni nyeusi na kulianika juani siku kadhaa za jua kali, unalizungusha, joto la ndani ya nailoni linapanda sana. Halafu liangalie miezi inayofuata kama unga unarudi.

Usipake vanishi ya kung'aa. Hiyo rangi ya kijivu uliyoisifia imetengenezwa na jua na maji kwa miaka, vanishi inaizika na tawi linafanana na fanicha.

Kuhusu matobo. Badala ya kutundika vitu ishirini kwa misumari ishirini, tafuta plaiwudi moja nyepesi, au fremu kubwa ya mbao isiyo na mgongo, panga KILA KITU juu yake ikiwa imelala sakafuni, afu unatundika kitu kimoja tu kwa skrubu mbili. Siku ya kuhama unaziba matobo mawili kwa plasta kidogo na rangi, mwenye nyumba hata hajui. Ukuta wa tofali tumia drili na plagi, usipige msumari, unapasua plasta. Kama ukuta ni wa jipsamu gonga usikie, panapolia bum ni utupu, panapolia kavu kuna ubao nyuma, skrubu iingie hapo. Zile stripu za gundi zinafaa kwa fremu ndogo tu, na uzito wake umeandikwa kwenye pakiti, uheshimu.

mwana_kijani

Dah asanteni sana, hili la plaiwudi sikuwa nimeliwaza kabisa. Nimebandika nailoni ukutani muda huu. Swali kwa fundi, nikitengeneza kama boksi la plaiwudi lenye kioo mbele niweke makombe yote humo nikwepe vumbi, inafaa?

mkusanya_makombe

Hapo usubiri kwanza dada/kaka, makombe na boksi la mbao lililofungwa haviendani. Kombe ni kalsiamu kabonati, na mbao nyingi, hasa plaiwudi mpya na zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, zinatoa mvuke wenye asidi kidogo kidogo. Kwenye hewa wazi mvuke unapotea, ndani ya boksi lenye kioo unabaki na kukusanyika, ukichanganyika na unyevu unalila kombe. Utaona unga mweupe umeota juu yake, watu wanadhani ni ukungu wanafuta, kumbe kombe lenyewe ndo linageuka chumvi na ule mng'ao haurudi tena. Wakusanyaji wamelijua tatizo hili tangu karne ya 19 kwenye makabati ya mbao. Kwa hiyo makombe ama yakae wazi kwenye nyuzi kama wazo lako la kwanza, ama kwenye boksi la chuma au plastiki ngumu. Vumbi unapangusa kwa brashi laini.

Na kwa sababu hiyo hiyo USISAFISHE kwa siki wala ndimu. Naona watu wanashauriana hivyo kila mahali, inang'arisha kweli kwa sababu inayeyusha ngozi ya juu. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki wa zamani, basi. Harufu ikiwepo maana yake kuna nyama imebaki ndani, loweka na ubadilishe maji mpaka iishe.

Jambo jingine nalisema kwa moyo wote. Chukua kombe tupu tu, tena uliangalie ndani kwanza, na usichukue yote. Kuna wale kaa wenye tumbo laini ambao nyumba yao ni kombe lililoachwa, wakikua wanahama kwenda kubwa zaidi, ufukwe ukisafishwa makombe wanakosa pa kuhamia, hata wanajibana kwenye vifuniko vya plastiki. Makombe makubwa mazuri yanayouzwa yakiwa yanang'aa hayana hata mkwaruzo mara nyingi mnyama alitolewa akiwa hai. Mengine yana ulinzi wa kimataifa, mfano nautilus, mnyama wa baharini mwenye kombe lililojiviringisha, aliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2016, kumvusha mpaka kunahitaji kibali. Matumbawe magumu nayo ni hivyo hivyo, yaache baharini.

Manyoya pia uangalie sheria ya mahali ulipo. Marekani kwa mfano sheria ya 1918 ya kulinda ndege wahamao inakataza kuwa na unyoya wa ndege wengi wa porini hata kama umeuokota chini. Manyoya ya kuku, bata na kanga wa kufugwa hayana maneno, na la kanga ukiliweka karibu na tawi la kijivu, yale madoa meupe yaliyopangana kwa mistari yanaonekana moja moja, hutatamani lingine.

ua_la_kivuli

Jamani mbona hakuna anayetetea mimea hai? Ukuta wa majani makavu ni mzuri ila kitu kinachokua kina raha yake, wiki hii jani limejikunja kama ngumi wiki ijayo limefunguka. Kuna mwanabotania mmoja Mfaransa, Patrick Blanc, kafunika kuta za majengo makubwa kwa mimea isiyo na udongo kabisa, mizizi inashika kwenye kitambaa kinachopitishiwa maji yenye virutubisho, ule wa makumbusho ya Quai Branly pale Paris unajulikana sana.

Nyumbani huhitaji makubwa hayo. Kuna kangaga wanaoota juu ya miti, majani yake kama pembe za paa, Platycerium, huyo unamfunga juu ya kipande cha ubao na mosi kidogo (vile vimea laini vinavyoota penye unyevu) kwenye mizizi, unamtundika kama picha. Kumwagilia unamtoa ukutani, unamzamisha kwenye ndoo, unamwacha achuruzike mpaka aache kudondosha, unamrudisha. Hivyo ukuta haulowi. Muhimu nyuma yake paachwe nafasi ya vidole viwili hewa ipite.

fundi_tawi

Nakubaliana na ua_la_kivuli kwa huyo wa kwenye ubao. Ila vile vyungu vya mimea vya kupanga ukutani kwa mistari, hapana, si kwenye nyumba ya kupanga. Lita moja ya maji ni kilo moja, ukimwagilia vyungu kumi umeongeza kilo kibao kwenye skrubu zile zile, na maji yakianza kupenya nyuma ya rangi ukuta unavimba.

bluu_ya_jua

Naongeza kitu hakijatajwa. Kama unapenda umbo la jani lakini unaogopa jani lenyewe kuharibika, chapa kivuli chake. Kuna njia ya zamani ya saianotaipu, aliigundua mwanasayansi Mwingereza John Herschel 1842, na mwaka uliofuata tu mwanabotania Mwingereza Anna Atkins akaanza kuitumia kuchapa mwani wa baharini, picha zake zipo hadi leo. Unapaka karatasi nene mchanganyiko wa chumvi mbili za chuma (ferik amonia sitreti na potasiamu ferisianaidi), unafanyia kwenye chumba chenye mwanga hafifu, ikikauka unalaza jani juu, unagandamiza kwa kioo, unatoa juani dakika kadhaa, afu unasuuza kwa maji ya kawaida. Jua lilikogusa panakuwa bluu iliyokolea, jani lilikofunika panabaki peupe, na kama jani ni jembamba mwanga unapenya kidogo unapata hata mishipa kwa bluu hafifu. Karatasi zilizopakwa tayari zinauzwa kama hutaki kushika kemikali, na ukichanganya mwenyewe vaa glavu na usitumie vyombo vya jikoni.

Fremu tatu za bluu na nyeupe kwenye ukuta wa rangi ya maziwa, juu yake tawi la kijivu, aisee! Nazo lakini usiziweke kwenye lile jua la jioni, zinafifia, ingawa zikikaa gizani muda zinarudisha rangi kwa kiasi. Na usuuze kwa maji tu, sabuni inaila hiyo bluu.

mama_wa_wawili

Samahani nimechelewa ila naona suala la mtoto limepita juu juu na kwangu ndo la kwanza. Nyuzi ndefu zinazoning'inia juu ya sofa anayopanda mtoto ni hatari, zinaweza kumzunguka shingoni, na makombe madogo yakikatika yanaingia mdomoni. Mwanangu, tawi lisikae juu ya sofa. Lipeleke kulia kwenye ule upande wa jua mbali na kitu chochote cha kupandia, nyuzi ziwe fupi na mwisho wake uwe juu zaidi ya mkono wa mtoto akisimama na kunyoosha, na kila uzi ufunge fundo chini ya kila kombe ili uzi ukikatika lianguke moja, siyo yote. Juu ya sofa weka fremu nyepesi tu, na badala ya kioo tumia akriliki ile plastiki angavu, haipasuki vipande.

mwana_kijani

Mama shikamoo na asante, hilo nimelipokea lote. Nailoni imetoka, pakavu kabisa. Kwa hiyo naona mpango umejipanga wenyewe: tawi na mbegu kulia kwenye jua, nyuzi fupi, juu ya sofa kati kati chapa za bluu kwa akriliki, kushoto kabisa majani ya kukausha. Kangaga wa pembe nitamtafuta baadae. Sasa urefu kutoka chini niweke wapi, na majani nayabandika kwa nini kwenye karatasi?

karani_wa_majani

Urefu: wapangaji wa maonyesho wengi wanaweka kati kati ya kundi zima karibu sentimita 150 kutoka sakafuni, ndo usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Juu ya sofa sheria hiyo inalegea, acha sentimita 15 hadi 20 kutoka mgongo wa sofa hadi chini ya fremu, ukipandisha zaidi fremu zinaonekana hazijuani na sofa. Kata magazeti kwa ukubwa wa kila fremu na kila kitu, yabandike ukutani kwa tepu ya karatasi, ishi nayo siku kadhaa, sogeza sogeza, ukae kwenye kila kiti uangalie. Ukiridhika ndo unachukua pima maji na drili.

Kubandika: usipake gundi jani zima, karatasi na jani vinavuta na kuachia unyevu kwa viwango tofauti, jani litapasuka. Kata vipande vyembamba vya karatasi isiyo na asidi, upana kama kijiti cha kiberiti, pitisha kimoja juu ya kikonyo na viwili vitatu juu ya mshipa mkuu, gundi ipake kwenye ncha za kipande tu. Karatasi ya nyuma nayo iwe isiyo na asidi, gazeti lilikuwa la kukaushia tu, ukiliacha ndani ya fremu linageuka njano na kuliambukiza jani. Na jani lisigusane na kioo wala akriliki, weka ukingo wa karatasi nene kuzunguka pembeni upate nafasi ya milimita chache.

mwana_kijani

Nimeelewa. Kesho asubuhi umande ukikauka naingia bustanini kuchuma kangaga, na yale yaliyotobolewa na wadudu nimeshayaona mawili, nayaweka alama leo leo yasije yakadondoka.

ua_la_kivuli

Chuma na machache ya ziada, kuna yatakayovunjika wakati wa kubadilisha karatasi. Na utupie picha magazeti ukishayapanga ukutani, kabla ya drili.